Mbunge Alilala kwa Nani

Ukitaka kuharibu sherehe ya watu wa kwetu hapa Schaerbeek, mjini Brussels, mwalike Papa Karani, kisha msifu mbunge mbele yake. Nimeyaona kwa macho yangu. Ilikuwa komunyo ya kwanza ya mtoto wa binamu yangu. Samaki walishapakuliwa, muziki ulipunguzwa ili wakubwa waongee, na bwana mmoja mwenye tai ya rangi ya dhahabu akaanza kummwagia sifa mbunge wetu wa zamani, yule wa mwisho kabla ya vita. Daraja alijenga yeye, zahanati alifungua yeye, nusura aseme hata mvua aliileta yeye. Papa Karani aliweka uma mezani, akajifuta mdomo, akainua kidole.

"Bon. Ni muzuri. Alilala wapi?"

"Papa, miye niko nasemea daraja."

"Daraja nimesikia. Alilala wapi? Kwa nani? Nani alimupikia?"

Yule bwana akarudi kwa samaki wake. Tulicheka mpaka maman mmoja akapaliwa na fanta, na mwenye sherehe akaamuru muziki uongezwe.

Papa Karani alizaliwa mwaka gani, ukoo wake upi, aliachiwa nini na baba yake, msiniulize. Nilimkuta ameshakuwa mzee, anakaa ghorofa ya juu yetu, peke yake, na kila mtu akimwita Papa Karani kwa sababu kwetu alikuwa karani wa serikali, yule anayeandika ripoti baada ya kila uchaguzi. Vita ndivyo vilivyomtoa, kama vilivyotutoa wengi. Mimi mama yangu ni wa jimbo hilohilo, lakini nimelelewa Lubumbashi mjini, na hapa Brussels kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Kwa hiyo wazee nawajua. Huyu hakufanana na yeyote niliyewahi kumfunga vifungo vya shati.

Niwaeleze kwanza jimbo lenyewe, la sivyo mtadhani mzee alikuwa na kichaa. Jimbo letu la uchaguzi liko Katanga, mbali na migodi. Ni vijiji, mihogo, mahindi, mito miwili, na barabara moja ambayo masika ikifika inakuwa tope tupu. Hoteli hakuna. Mbunge akija kuomba kura ana njia mbili tu: ageuze gari arudi mjini kabla jua halijazama, au alale kwa mtu. Akilala, lazima achinjiwe kuku, asongewe bukari, ugali wetu, atandikiwe kitanda ambacho baba mwenye nyumba amehamishwa. Kwa Papa Karani, hiyo ndiyo ilikuwa siasa. Mengine yote aliyaita kelele za kipaza sauti.

Basi alikuwa anaandika historia ya jimbo zima kwa swali hilo moja. Mbunge kwa mbunge, kijiji kwa kijiji: alilala au hakulala, na kwa nani. Wasomi wetu wa hapa, wenye digrii zao, walimcheka. Mmoja alimwambia historia ni vyama, ni sheria, ni mikataba. Papa Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, akamwuliza: "Na weye, mwalimu, kule kwenu alilalaka nani?" Tangu siku hiyo mwalimu akawa anavuka barabara akimwona.

Kazi aliifanya Jumapili baada ya misa, kwenye duka la simu karibu na kituo cha tramu, kabla simu za mkononi hazijaturahisishia maisha. Alivaa koti, akafunga tai, akapiga kiwi viatu. Nilimwuliza siku moja anajipambia nani, kwani simu haina macho. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwana, niko naongea na jimbo."

Anaingia kwenye kibanda na kadi yake ya kupigia, anakwangua namba, anapiga kwa padri au kwa muuza duka mwenye simu, na kuomba aitiwe mama fulani. Si chifu, si mwalimu wa shule. Mama. Kama mwanaume akichukua simu na kuanza kueleza, Papa Karani humkata bila simile: "Papa, aksanti, mupe bibi yako." Aliniambia sababu siku niliyomsindikiza.

"Banaume banakumbuka discours. Banamuke banakumbuka kuku. Discours iko na bongo, kuku haina bongo. Ilikuwa ao haikuwa." Discours ni hotuba, na bongo kwetu ni uongo.

Ndivyo alivyojaza madaftari. Kwa kuwa mimi nina kompyuta na vidole vyepesi, Jumamosi nilikwenda kwake kumpigia chapa. Ananipa chai ya maziwa ya unga, katika nchi hii ambayo ng'ombe wanakaribia kuingia madukani wenyewe, kwa sababu maziwa mengine eti hayana ladha ya ofisi. Anasoma, naandika. Nikikosea herufi anajua kwa mlio wa vidole, sijui vipi. Na hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa: ukimwambia "Papa, umeandika vizuri," anakujibu, "Endelea, mustari bado."

Na historia yenyewe ilikuwa tamu, jamani! Mbunge wa kwanza kabisa alikuja na baiskeli, akalala kila kijiji cha barabara ile, na kijiji kimoja akalala mara mbili kwa ajili ya sombe, kisamvu cha mama wa pale, ambaye jina lake limo, na jina la aliyetwanga majani limo. Halafu ikaja miaka ya chama kimoja. Jina lilisomwa uwanjani, watu wakapiga makofi, uchaguzi kwisha. Hapo nilidhani mzee ataruka, kwa sababu msomaji wa jina alikuwa yeye mwenyewe. Hakuruka. Alinisomea kwa sauti ileile: "Karani alisoma jina. Watu walipiga makofi kwa sababu karani alianza kupiga." Niliinua macho. Akasema, "Andika."

Miaka ya vita, mahali pa mbunge, aliandika wanajeshi. Walilala kijiji gani, na kina mama gani walipikishwa kwa nguvu. Siku ile chai yangu ilipoa. Kisha ukaja uchaguzi mkubwa wa baada ya vita, karatasi ya kura pana kama kitambaa cha meza, wagombea wengi hata mtu asijue pa kuanzia kutafuta. Papa Karani alifurahi kama mtoto. Wiki nzima alikuwa anapiga simu, na mama mmoja akamlalamikia kuwa wagombea watatu walimfikia siku moja na kuku anao wawili. Alicheka mpaka akavua miwani.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na kichwa kigumu hasa. Hakukubali lifti, hakukubali daktari, hakukubali kwamba mtu anaweza kulala hotelini na bado awe mtu mwema. Alipopata uraia wa hapa alikwenda kupiga kura ya komuni, yaani manispaa, na suti ile ya simu, mapema hata wafungua milango wakamkuta. Kabla ya hapo kijana mgombea alikuwa sokoni anagawa karatasi, na Papa Karani akamkamata mkono, akamwuliza kwa Kifaransa chake cha ofisi analala wapi. Kijana wa watu akachanganyikiwa, akaonyesha dirisha: pale, juu ya muuza mikate. Papa Karani akarudi ameridhika. "Huyu analala hapa kila siku. Namupa."

Lakini kidonda alikuwa nacho, na siku moja kiliguswa. Maman mmoja, mwenye mdomo usio na breki, alichoka kuulizwa maswali akamgeuzia: "Na weye, Papa? Miaka yote hii, kwetu umelala wapi?" Papa Karani alitafuta kofia yake. Kule kwetu alikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki, dada yake mkubwa, mjane, aliyemlea. Kila Jumapili simu ya mwisho ilikuwa ya dada, na kila Jumapili dada alimaliza na swali moja: utakuja lini? Kwa pensheni yake ndogo, lini hiyo haikuwahi kufika. Alitaka kwenda kulala kwa dada yake kabla mmoja wao hajafa. Ndicho alichokitaka duniani, hakuna kingine.

Na mlango ulifunguka. Mtoto wa yule mbunge wa daraja, mfanyabiashara wa hapahapa Brussels, mtu wa miaka hamsini hivi, aliamua kugombea kiti cha baba yake. Alifanya mkutano kwenye ukumbi kule Forest, mtaa mwingine wa mji. Sambusa, vinywaji, picha kubwa ya marehemu baba ukutani. Mwisho wa mkutano akatuita pembeni, mimi na mzee.

"Papa Karani, kitabu yako tutaimprimer ku mashini, tutaigawa jimbo muzima. Na weye utakuya na mie. Ticket, motokari, hôtel kama iko, kila kitu. Tutazunguka pamoja. Utalala kwa dada yako siku zote unataka."

Moyo uliniruka. Nilishaona mzee anashuka garini, dada yake anakuja mbio na khanga mkononi.

"Kintu kimoja tu," yule bwana akaongeza, sauti ikashuka. "Ile ukurasa ya papa yangu."

Ukurasa huo niliupiga chapa mwenyewe. Ulisema: "Alijenga daraja. Hakulala jimboni hata siku moja." Mfupi kuliko kurasa zote.

"Ile ukurasa iko na nini?" akauliza Papa Karani.

"Papa yangu alilala kule. Aliniambia yeye mwenyewe, mbele ya kufa."

"Kwa nani? Nani alimupikia?"

"Sijue, Papa. Aliniambia tu alilala. Donc, tuitoshe, tuifute. Ao tunyamaze, tusiseme alilala, tusiseme hakulala."

Papa Karani alisimama pale, kofia mkononi. Kisha akasema alishauliza kijiji kwa kijiji, kila mama, mpaka dada yake mwenyewe, na wote walijibu hakuna aliyempikia mtu huyo. Kama yuko mmoja aliyepika, aitwe, na yeye Karani ataufuta ukurasa kwa mkono wake. Kama hayuko, ukurasa unabaki. Alimshukuru kwa sambusa, tukaondoka.

Kwenye tramu nilimwakia. Niliyoyasema siyasemi hapa. Nilimwita mjinga, mimi, mtoto wa jana, mbele ya watu. Nilimwambia mstari mmoja si ndugu, mstari haukungojei mlangoni. Tulipokaribia kushuka ndipo akajibu.

"Nikitosha yake, mwana, ya bengine nitasema nini? Ile ya kupiga makofi, ile ya baaskari. Bataniuliza: na hii, ni nani alikulipia ticket?"

Yule bwana alikwenda peke yake na akashinda. Papa Karani alipiga simu zake kama kawaida, akaandika mbunge huyo alikolala, na alilala pengi, hilo alilikubali kwa herufi nzuri. Miaka ikasogea. Figo zake zikakataa kazi, ikawa mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafishia damu, na watoto wa kanisa wakamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee Laeken. Ndipo dada yake akafa.

Sijawahi kumwona mtu akilia bila kusogeza hata kidole. Mashine haikumruhusu kupanda ndege. Basi nilikwenda mimi, niliyekuwa na likizo, mazishi yakinisubiri, nimebeba kitambaa alichokuwa amemnunulia dada yake siku zile za mkutano wa Forest na kukifungia kabatini. Sikuwa nimewahi kukanyaga jimbo hilo, mimi niliyeandika vijiji vyake vyote, na nilivyokuwa navitambua kimoja kimoja kupitia dirisha la lori, hapa ni pa sombe, hapa ni pa kuku wawili, nilijisikia tajiri.

Kilio kwetu mnajua kilivyo, na asiyejua nimweleze. Wanaokuja hawaendi kulala vitandani. Wanatandika mikeka uani, wanakaa na kulala hapo hapo chini, siku tatu, nne, na mfiwa hagusi sufuria. Kila nyumba ya jirani inaleta chake, kinatiwa kwenye vyungu vikubwa, kinaliwa na wote. Chakula cha kilio hakina mpishi.

Siku yangu ya pili pale, mchana, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na jirani wa marehemu, mama mzito, macho hayaoni vizuri. Akapapasa udongo kando yangu.

"Hapa unaikala, ule député wa daraja alilalaka hapahapa. Kilio ya bwana wa marehemu. Alikuya na soksi mukono, viatu vilibaki mu matope. Siku tatu. Alilia na sisi."

Nikamwuliza mbona hawakumwambia Papa Karani, alipiga simu mara ngapi!

"Aliuliza nani alimupikia," akasema. "Hakuna. Ni bongo? Dada yake alikuwa mjane ya siku moja, atapika namna gani? Alimujibia kweli: sikumupikia. Na kadi yake ikaisha."

Nikawauliza wengine watatu, kila mmoja peke yake, kama alivyonifundisha. Wote walikumbuka zile soksi. Papa Karani miaka hiyo alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, na habari za msiba wa shemeji yake zilimfikia mazishi yamepita.

Katika ndege nikaapa kunyamaza. Nani angenilaumu? Mzee aliacha kumwona dada yake kwa ajili ya mstari mmoja, na mstari wenyewe ulikuwa wa uongo, na ukweli ulikuwa uani kwa dada huyohuyo. Kumwambia ni kumwua. Nilijipanga nimweleze mazishi, nyimbo, kitambaa kilivyomkaa, basi.

Nilimkuta Laeken kwenye kiti karibu na dirisha, amefunga tai. Nilimweleza mazishi, nyimbo, kitambaa. Alitikisa kichwa, akanishika mkono, akashukuru. Kisha akaniangalia.

"Na tena nini? Unaficha kintu, mwana. Miye nilikuwa karani."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, soksi, mkeka, siku tatu, nikilia kuliko nilivyolia kilioni. Nilipomaliza, aliuliza wamesema wangapi. Wanne, nikasema. Peke peke? Peke peke, Papa. Akafunga macho. Muuguzi alichungulia akaondoka. Nilidhani nimemvunja.

Alipofumbua macho aliomba simu. Nilimtafutia yule mbunge, mtoto wa mbunge, nikaiweka karibu na sikio lake. Alinyoosha mgongo.

"Monsieur le député, ni Papa Karani. Papa yako alilala kwetu. Siku tatu, chini, kwa kilio ya shemeji yangu. Aliyekosa ni miye. Niliuliza mubaya." Upande wa pili nikasikia mtu mzima anavuta makamasi. "Ticket? Hapana, mwana, ile imepita. Nilitaka tu ujue."

Akanirudishia simu, akaniambia nifungue kompyuta, nitafute ukurasa. Niliweka kidole kufuta ule mstari, akanipiga kofi dogo mkononi. Usifute. Upige mstari katikati, usomeke, na chini yake andika ya kweli. Nikaandika anavyosema: "Alilala siku tatu kwenye kilio, juu ya mkeka, akala chakula cha wote." Akanisomesha mara mbili. Kisha akasema, "Sasa andika: karani alikosea. Na utie jina."

Kurasa zote zile, miaka yote ile, nilimbembeleza aweke jina lake kwenye kazi yake, hata mwanzoni tu, kwa herufi ndogo. Alikataa, kazi ni ya wale waliopika. Mara hii alilitaja mwenyewe, herufi moja moja, polepole, ili nisikosee. Nililiandika lote, na sijawahi kupiga chapa kitu kwa fahari kama ile.